Maswali ya Wasomaji: Kutoka Wizarani hadi Umeya wa Rotterdam

Barua tano kati ya zilizotufikia mwezi huu zinamhusu mtu mmoja, Ahmed Aboutaleb, aliyekuwa meya wa Rotterdam nchini Uholanzi tangu 2009 hadi 2024. Ya kwanza imetoka kwa baharia mstaafu wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na inaonekana aliisoma barazani kabla ya kuituma, kwa sababu nyingine nne zilifuata wiki hiyo hiyo, kila mwandishi akivuta uzi upande wake. Tumeona heri kuzijibu pamoja.

*Assalaam aleikum, Bwana Mhariri. Katika miaka ya themanini meli yetu ilitia nanga Rotterdam mara tatu, kwa hiyo mji ule naujua kwa macho. Juzi barazani kwetu, kikombe cha pili cha kahawa hakijapoa, kijana mmoja akasema kuwa mji huo uliwahi kuwa na meya Mwislamu, mzaliwa wa Moroko, mtoto wa imamu, na kwamba kabla ya hapo alikuwa mtu wa serikali kuu. Mzee mwenzangu akakata shauri kuwa basi bwana huyo alishushwa cheo, maana yeye hajapata kuona mtu akitoka wizarani kwenda kuwa meya ila awe ameanguka. Mwingine akasema hakupigiwa kura na mtu yeyote, kwa hiyo ni mwajiriwa tu kama karani wa manispaa. Tuliachana bila suluhu. Nani amesema kweli?*
Baharia mstaafu, Mji wa Kale

Waaleikum salaam, mzee wetu. Kijana amesema kweli tupu. Wa tatu amepata nusu. Mzee mwenzako ndiye aliyekosea, ingawa kosa lake linaeleweka, kwa kuwa amepima ngazi ya Uholanzi kwa kipimo cha Kenya.

Tuanze na mtu mwenyewe. Aboutaleb alizaliwa tarehe 29 Agosti 1961 huko Beni Sidel, katika milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko. Baba yake, ambaye kweli alikuwa imamu, alitangulia Uholanzi kutafuta riziki, na mwaka 1976 mama na watoto wakamfuata mjini The Hague. Ahmed alikuwa na umri wa miaka 15 na hakujua Kiholanzi. Alipitia shule za ufundi, akasomea uhandisi wa mawasiliano, lakini hakukaa sana na nyaya. Aliingia redioni na kwenye televisheni kama mwandishi wa habari, kisha akawa msemaji katika wizara iliyoshughulikia ustawi wa jamii, afya na utamaduni. Mwaka 1998 akapewa kuongoza Forum, taasisi iliyohusika na masuala ya jamii zenye asili mbalimbali, na mwaka 2002 akahamia Amsterdam kama afisa wa manispaa. Hadi hapo hajagombea chochote.

Januari 2004 ndipo siasa ilipoanza kwa dhati, alipoingia katika halmashauri tendaji ya Amsterdam kwa tiketi ya PvdA, chama cha Leba cha huko. Cheo chake huitwa *wethouder*, na sisi tungemwita waziri wa kaunti, kwa kuwa huteuliwa na baraza la madiwani, hupewa idara zake, na hujibu maswali ya madiwani hao. Idara zake zilikuwa pamoja na kazi, elimu na vijana. Mwaka haujaisha, tarehe 2 Novemba 2004, mtengenezaji filamu Theo van Gogh aliuawa barabarani mjini humo na kijana wa Kiholanzi mwenye asili ya Moroko. Meya wa Amsterdam wakati huo alikuwa Job Cohen, Myahudi kwa ukoo. Waziri wake wa elimu alikuwa Aboutaleb, Mwislamu kutoka Rif. Wawili hao walibeba mzigo wa kuwatuliza watu waliokuwa tayari kuvamiana, na Aboutaleb alikwenda msikitini kuzungumza na waumini bila kupaka maneno asali. Tangu siku hizo alianza kutembea na walinzi.

Februari 2007 aliingia serikali kuu, katika baraza la mawaziri la nne la Jan Peter Balkenende, akiwa *staatssecretaris* wa masuala ya jamii na ajira. Cheo hiki hutafsiriwa naibu waziri, lakini ni kizito kuliko naibu waziri tuliyemzoea hapa zamani: ana sehemu yake mwenyewe ya wizara, anasimama bungeni kuitetea, na Bunge likimnyima imani anaondoka yeye, waziri wake anabaki. Alichokosa ni kura katika kikao cha mawaziri cha kila wiki. Aboutaleb alishughulikia misaada kwa wasio na kazi na watu waliozama kwenye madeni, chini ya waziri Piet Hein Donner. Hakumaliza hata miaka miwili. Mwishoni mwa 2008 alijiuzulu, na tarehe 5 Januari 2009 akawa meya wa Rotterdam.

Je, alishuka? Tazama waliomtangulia na waliomfuata. Bram Peper, ambaye huenda ndiye aliyekuwa meya siku meli yako ilipofunga gati kule, alikaa kiti hicho tangu 1982 hadi 1998, akaondoka kwenda kuwa waziri wa mambo ya ndani. Ivo Opstelten aliyefuata, meya hadi mwisho wa 2008, baadaye akawa waziri wa usalama na sheria. Job Cohen alitoka unaibu waziri wa sheria akawa meya wa Amsterdam mwaka 2001, kisha mwaka 2010 akaitwa kuongoza chama chake kitaifa. Jozias van Aartsen, aliyekuwa waziri wa kilimo na kisha wa mambo ya nje, aliishia kuwa meya wa The Hague. Hata nafasi aliyoiacha Aboutaleb wizarani ilichukuliwa na Jetta Klijnsma, aliyekuwa *wethouder* wa The Hague. Kule njia hii ni kama kivuko cha Likoni: kinachukua watu pande zote mbili, na hakuna anayemuuliza abiria amekosa nini hadi akavuka kurudi.

Kwetu safari ni ya upande mmoja. Najib Balala alikuwa meya wa Mombasa mwaka 1998 kabla ya kuwa mbunge na waziri, na tukasema amepanda. Hassan Joho alitoka ugavana akaingia baraza la mawaziri mwaka 2024, na tukasema vivyo hivyo. Ugavana wenyewe ndio umeanza kuugeuza mkondo, maana Abdulswamad Nassir aliuacha ubunge wa Mvita mwaka 2022 kuutafuta. Lakini umeya wa zamani, ule wa joho na mkufu (namaanisha vazi, si bwana wa Kisauni), madiwani waliugawana wao kwa wao, na mkononi mwa meya haukubaki uwezo mkubwa. Mzee mwenzako anaukumbuka umeya huo, ndiyo maana akaona kuanguka mahali ambapo Waholanzi waliona kuaminiwa.

Sasa kuhusu kura. Meya wa Uholanzi huteuliwa kwa amri ya Mfalme, kwa mapendekezo ya waziri wa mambo ya ndani, kwa miaka sita. Kabla ya amri hiyo kuna kazi ndefu. Nafasi hutangazwa, wanaoitaka hupeleka maombi kwa Kamishna wa Mfalme katika mkoa, na kamati ya siri ya madiwani huwahoji walioteuliwa kuhojiwa. Siri hapa si neno la mapambo, kwani kuvujisha jina la mwombaji ni kosa la jinai. Mwishowe baraza zima la madiwani, ambao wamechaguliwa na wananchi, hupendekeza majina mawili kwa mpangilio, na lile la kwanza karibu kila mara ndilo linalopita. Kwa hiyo mwenzenu aliyesema hakupigiwa kura na mtu yeyote hakutia chumvi sana, ila amesahau kwamba madiwani 45 wa Rotterdam walimpima kwanza, na kwamba baraza hilo hilo linaweza kutangaza kuwa uhusiano wao na meya umevunjika na kuomba aondolewe.

Wala si karani. Meya huongoza vikao vya baraza bila kupiga kura, huongoza halmashauri tendaji ambamo ana kura, na juu ya yote hayo sheria imemkabidhi yeye peke yake utulivu wa mji. Polisi wanapolinda amani mitaani wanakuwa chini ya mamlaka yake. Hukaa mara kwa mara na mkuu wa polisi na mwendesha mashtaka, kikao ambacho Waholanzi hukiita pembetatu. Na mambo yakichafuka anaweza kutoa amri ya dharura papo hapo. Gavana wetu hana askari wa polisi hata mmoja, na fujo zikizuka Mwembe Tayari anayetafutwa ni kamishna wa kaunti na makamanda wake, ambao ni watu wa Nairobi.

Uwezo huo una gharama, na wahenga wetu walishasema ukubwa ni jalala. Mwaka wake wa kwanza haukuwa umekwisha, tarehe 22 Agosti 2009, tamasha la muziki la bure lilipofanyika ufukweni Hoek van Holland, ambako ni sehemu ya manispaa ya Rotterdam. Wahuni wa mpira walichanganyika na umati, wakawavamia polisi gizani kwenye mchanga, polisi wakazidiwa na kufyatua risasi. Kijana mmoja akafa na wengine wakajeruhiwa. Takataka zote za usiku ule zilimwagwa mlangoni kwa meya: nani alitoa kibali, nani alijua wahuni watakuja, kwa nini askari walikuwa wachache. Alisimama mbele ya baraza akajibu, na akabaki kitini. Nimejiuliza mara nyingi, hasa baada ya vurugu zetu za hapa, ni nani angesimama Mombasa akaulizwa maswali kama hayo ana kwa ana na watu wa mji.

*Mhariri, ikiwa Uholanzi ni nchi ya demokrasia, mbona wasipige kura tu kumchagua meya, yakaisha?*
Mwanafunzi wa chuo, Tudor

Walijaribu, ndugu yetu, na namna lilivyokwama ni kisa chenyewe. Thom de Graaf wa chama cha D66 alikuwa waziri mwenye jukumu la kuleta mageuzi hayo. Kwa kuwa uteuzi wa meya uliandikwa ndani ya Katiba, ilibidi kwanza utolewe humo, na hilo lilihitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza la Bunge. Machi 2005 hoja ikafika Seneti, na aliyeongoza kundi la maseneta wa PvdA kuikataa alikuwa Ed van Thijn, ambaye mwenyewe alikuwa meya wa Amsterdam kwa zaidi ya miaka kumi. Hoja ikaanguka na De Graaf akajiuzulu. Januari 2007 aliapishwa kuwa meya wa Nijmegen, kwa kuteuliwa, kwa utaratibu ule ule aliotaka kuufuta. Hakuna aliyemwona mnafiki, ingawa naamini vicheko havikukosekana.

Mwaka 2018 kifungu hicho hatimaye kiliondolewa katika Katiba, kwa hiyo leo sheria ya kawaida ingetosha kuleta uchaguzi, lakini sheria hiyo haijabadilishwa na mameya wanaendelea kuteuliwa. Hoja ya wanaotetea mfumo huu ni kwamba meya asiyetafuta kura anaweza kusimama juu ya vyama. Mimi binafsi naiona hoja hiyo ina uzito katika nchi ambako hakuna chama kinachopata wingi peke yake, lakini siwezi kumwambia mkazi wa Jomvu aliyesubiri ugatuzi hadi Katiba ya 2010 kwamba arudi kuteuliwa kiongozi.

Kisa cha Rotterdam kinaonyesha pande zote mbili. Mwaka 2002 chama cha Leefbaar Rotterdam kilichoongozwa na Pim Fortuyn kilipata viti 17 katika baraza la mji na kukivunjia PvdA utawala wa miongo mingi, kwa sera ambayo kiini chake kilikuwa malalamiko dhidi ya wahamiaji na Uislamu. Fortuyn aliuawa Mei mwaka huo. Chama hicho kilimpinga Aboutaleb alipopendekezwa, na ni vigumu kufikiri kwamba katika mji uliogawanyika hivyo angeshinda kura ya moja kwa moja mwaka 2008. Mwaka 2014 Leefbaar kikawa tena chama kikubwa zaidi barazani, na bado Aboutaleb aliteuliwa kwa kipindi cha pili mwaka 2015, na cha tatu mwaka 2021. Mwaka huo huo wa 2021 alitunukiwa kwa pamoja na Philippe Rio, meya wa Grigny nchini Ufaransa, tuzo ya Meya Bora wa Dunia.

*Nimesoma kwamba meya huyo alikuwa na pasipoti mbili, ya Uholanzi na ya Moroko. Wanafunzi wangu wa darasa la uraia wameniuliza kama angeweza kuwa gavana hapa, nami sikuwa na jibu la uhakika. Naomba ufafanuzi.*
Mwalimu wa kike, Kisauni

Swali zuri, mwalimu, na lilitikisa Bunge la Uholanzi kabla hajafika Rotterdam. Serikali ya 2007 ilipoundwa ilikuwa na manaibu waziri wawili wenye uraia pacha: Aboutaleb, na Nebahat Albayrak wa wizara ya sheria, mwenye asili ya Uturuki. Geert Wilders na chama chake cha PVV, wakati huo kikiwa na viti tisa kati ya 150, walidai kuwa mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, wakawasilisha hoja ya kutokuwa na imani. Haikupita, kwa sababu sheria ya Uholanzi haimkatazi mwenye uraia wa pili kushika wadhifa serikalini. Alipokuja Rotterdam suala likafufuliwa, na Leefbaar wakamtaka airudishe pasipoti ya Moroko.

Ugumu ulikuwa kwamba uraia wa Moroko hautupwi kama shuka lililochakaa. Mtoto huupata kwa baba yake, na kuuvua ni jambo lisilowezekana kwa vitendo. Hata serikali ya Uholanzi inalitambua hilo inapompa mtu kutoka Moroko uraia wake. Kumwambia arudishe pasipoti ni kumwambia arudishe kijitabu, uraia ukabaki pale pale.

Sasa Kenya. Kifungu cha 78 cha Katiba yetu kinasema afisa wa serikali, na gavana ni mmoja wao, hatakuwa na uraia pacha. Hapo wanafunzi wako wangesema jibu limepatikana. Lakini wasome kifungu hadi mwisho. Kinawaacha nje majaji na wanachama wa tume, na pia kinamwacha nje mtu aliyefanywa raia wa nchi nyingine kwa nguvu ya sheria ya nchi hiyo bila kuwa na uwezo wa kujitoa. Mtu wa mfano wa Aboutaleb, aliyezaliwa na uraia asioweza kuuvua, angekuwa na hoja ya kupeleka mahakamani, na nadhani ni hoja nzuri. Wabishanishe darasani, kundi moja likatae na jingine litetee. Watajifunza zaidi kuliko nikiwapa jibu mimi.

*Mimi ni wakala wa forodha na mkate wangu unatoka Kilindini. Nasikia Rotterdam mji ndio wenye bandari. Ni kweli meya yule alikuwa bosi wa bandari, na pesa zake zilibaki mjini?*
Wakala, Changamwe

Karibu kweli. Bandari ya Rotterdam kwa muda mrefu ilikuwa idara ya manispaa, kama idara ya maji au ya barabara. Mwaka 2004 iligeuzwa kuwa kampuni, na hisa zake zina wenyewe wawili tu: manispaa ya Rotterdam, takriban asilimia 70, na serikali kuu ya Uholanzi, karibu asilimia 30. Serikali kuu iliingia wakati wa mipango ya Maasvlakte 2, eneo jipya lililofukiwa baharini kwa mchanga, lililoanza kujengwa 2008 na kufunguliwa 2013, kwa sababu mzigo wa gharama zake ulikuwa mkubwa mno kwa mji mmoja. Faida inapogawanywa, fungu kubwa linaingia katika hazina ya mji.

Bosi, hapana. Kampuni ina wakurugenzi wake, na katika halmashauri ya mji mambo ya bandari huwa na *wethouder* wake. Mkono wa meya hufika bandarini kwa njia ya usalama, na hapo Aboutaleb alikuwa na kazi. Bandari hiyo yenye urefu wa zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini hadi baharini ilipitisha zaidi ya makontena milioni 13 ya kipimo cha futi 20 mwaka 2023, na Kilindini mwaka huo ilipitisha zaidi kidogo ya milioni 1.6. Kokeini ya Amerika Kusini hujificha humo. Wewe unayezikagua lakiri kila siku unajua jinsi mfuko mmoja unavyoweza kuchomekwa nyuma ya mlango wa kontena la ndizi na kutolewa na kijana aliyeahidiwa pesa za miezi kumi kwa usiku mmoja. Vijana wa aina hiyo, wanaolala ndani ya makontena wakisubiri shehena, na milipuko kwenye milango ya nyumba za mitaani inayotokana na magenge kudaiana, viliitesa Rotterdam katika miaka yake ya mwisho ofisini.

Kwetu mwenye bandari ni Mamlaka ya Bandari ya Kenya, shirika la serikali kuu, na mapato yake hayapiti Treasury Square, kwenye ofisi za kaunti yetu. Jedwali la Nne la Katiba linazitajia kaunti vivuko na bandari, kisha papo hapo linaondoa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa, na ndani ya ufa huo viongozi wa Mombasa wamekuwa wakigombana na Nairobi tangu 2013. Mfano wa Rotterdam hutajwa sana na wanaodai mji upewe hisa. Wautaje, lakini wasisahau kwamba mji ule haukupewa bandari. Uliijenga kwa pesa na madeni yake, gati baada ya gati, na ulipoishiwa nguvu ndipo ulipomuuzia serikali sehemu. Kudai fungu la bandari iliyojengwa na serikali kuu ni hoja nyingine, nayo ina haki yake: malori, vumbi na msongamano wa Changamwe haviendi Nairobi.

*Huyo bwana mwaka 2015 aliwaambia Waislamu wenzake wafunge virago waondoke. Sasa mnamsifia nini?*
Mama wa Majengo

Mama, hatumsifii, tunaeleza. Na maneno hayo aliyasema. Ilikuwa tarehe 7 Januari 2015, siku watu 12 walipouawa Paris katika shambulio dhidi ya gazeti la Charlie Hebdo. Jioni hiyo alihojiwa moja kwa moja kwenye televisheni, akasema kwa ukali, tena kwa neno la mtaani ambalo meya hatarajiwi kulitamka, kwamba wasioweza kuvumilia uhuru wa Uholanzi na wanaochukua silaha kwa sababu hiyo wafunge mizigo waende zao. Waliolengwa ni wenye silaha. Hata hivyo aliyekuwa sebuleni akisikiliza kwa wasiwasi, hajawahi kushika hata kisu cha kuchinjia, angeweza kuhisi kwamba ameambiwa yeye, na wanasiasa wa nchi nyingine, akiwemo Boris Johnson aliyekuwa meya wa London, walimpongeza kwa furaha iliyozidi kipimo. Nadhani alisema alivyosema kwa sababu alikuwa Mwislamu mwenye uchungu, na kwa sababu meya mwingine asingeweza kusema vile bila kuwasha moto. Ila wavu aliourusha ulikuwa mpana kuliko samaki aliowakusudia.

Umkumbuke pia kwa jambo la upande wa pili. Machi 2017 waziri wa Uturuki, Fatma Betül Sayan Kaya, aliingia Uholanzi kwa gari kutoka Ujerumani ili ahutubie wafuasi katika ubalozi mdogo mjini Rotterdam, kinyume na matakwa ya serikali ya Uholanzi. Meya alitoa amri ya dharura, gari likazuiwa mlangoni, umati ukatawanywa kwa maji na mbwa, na usiku huo waziri akasindikizwa hadi mpakani. Ulikuwa ugomvi wa mataifa mawili, lakini aliyetia saini amri ile alikuwa meya wa mji.

Kuhusu alivyoondoka, jambo ambalo barua mbili zimeuliza pembeni: alitangaza mwenyewe Januari 2024 kwamba hatamaliza kipindi cha tatu, na akatoka Oktoba mwaka huo baada ya karibu miaka 16. Baraza la madiwani lilimpendekeza Carola Schouten wa chama cha ChristenUnie, naye akavishwa mkufu tarehe 10 Oktoba 2024. Mzee wetu wa Mji wa Kale, ukirudi barazani mwambie mwenzako kwamba Bi Schouten amewahi kuwa waziri wa kilimo, na pia naibu waziri mkuu.